Nyeupe siyo usafi jamani: bafu letu lipakwe rangi ya kati

Najua nimepotea, mtanisamehe, wiki mbili hizi kazi za kukabidhi zilinizidi na intaneti ya maktaba mnaijua wenyewe. Leo sina habari za darasani wala za bumu (halijatoka, msiniulize). Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya rangi ya bafu. Ndiyo, bafu. Cheka kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Kwa wasiokaa bloku yetu: uongozi wa hosteli umekubali mabafu yapakwe upya wakati wa likizo fupi. Rangi wananunua wao, fundi wanaleta wao, sisi tumeambiwa tuchague rangi tu na tumepewa mpaka Ijumaa. Kamati yetu ya bloku ikabandika karatasi mlangoni pa chumba cha kusomea, ina visanduku viwili. Kimoja NYEUPE, kingine DAMU YA MZEE. Weka tiki, nenda zako. Yaani katika rangi zote alizoumba Mungu, tumebakishiwa hizo mbili!

Mpaka jana usiku nyeupe ilikuwa na tiki 54, damu ya mzee 19. Mimi nikachora kisanduku cha tatu kwa kalamu, nikaandika RANGI YA KATI, nikaweka tiki yangu. Asubuhi nakuta mtu kaandika pembeni, "rangi ya kati ndo rangi gani?" Swali zuri, nitalijibu. Lakini nianze na nyeupe, maana ndiyo inayoongoza, na inaongoza kwa hoja moja tu ambayo kila mtu anairudia kama wimbo wa gwaride: nyeupe ni usafi.

Hivi ni kweli? Nyeupe inaonyesha uchafu, hilo silipingi. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ulaya na Marekani, watu walipoanza kuelewa habari za vijidudu, hospitali na mabafu yaligeuzwa meupe juu mpaka chini, vigae, beseni, ukuta. Walitaka doa lionekane ili lifutwe. Ila kuonyesha uchafu na kuwa safi ni vitu viwili. Shati jeupe la mwanafunzi wa darasa la nne ni jeupe asubuhi tu, saa nne ya mapumziko nenda ukaliangalie tena.

Halafu wenyewe wa hospitali waliigeuka. Mwaka 1914 daktari mmoja wa upasuaji wa San Francisco, Harry Sherman wa hospitali ya St. Luke's, alichoka na chumba cha upasuaji kilichokuwa cheupe kote. Mwanga wa taa ulikuwa unarudi kutoka kwenye kuta na mashuka na kumpiga machoni, akiinua jicho kutoka kwenye kidonda kisha akilirudisha haoni vizuri. Akaamua sakafu na kuta ziwe za kijani cha mchicha. Ndiyo huo ukoo wa kijani unachokiona mpaka leo kwenye nguo za madaktari. Sasa kama mpasuaji, mtu anayeogopa vijidudu kuliko mimi na wewe, aliona weupe wote ule unamharibia kazi, sisi tunaoga tu tunaung'ang'ania wa nini?

Sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Bloku ya jirani walipakwa nyeupe semista iliyopita, ile ya mafuta inayong'aa, wakawekewa na taa mpya za LED zenye mwanga wa baridi, zile za kelvini 6500. Wiki ya kwanza palikuwa kama hotelini, watu wanapiga picha. Nenda leo. Nilikwenda Jumapili saa tatu usiku na simu yangu. Kwanza mwanga: taa inapiga ukuta, ukuta unang'aa, unakurudishia usoni, unafumba macho kama umetoka sinema mchana. Pili ile nyeupe yenyewe. Chini ya dirisha bado nyeupe, nyuma ya milango imeshakuwa manjano kama kurasa za kitabu cha maktaba. Hilo halina uchawi. Rangi nyeupe ya mafuta huwa inageuka manjano taratibu, na hugeuka zaidi pasipofika mwanga wa jua. Bafu lenye dirisha la ukubwa wa daftari ni mahali pabaya kuliko pote pa kuipeleka.

Na tatu, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Mwenzangu wa chumba alikuwa anakaa bloku hiyo kabla ya kuhamia kwetu. Ana ualbino. (Nimemwomba ruhusa ya kuandika hapa, akacheka akasema andika, ila usiniandike kwa huruma. Sawa bibie.) Wengi wetu tukisikia ualbino tunawaza ngozi na kofia. Macho tunayasahau. Melanini ikiwa kidogo kwenye jicho, mwanga unaingia bila kuchujwa, unatawanyika ndani, na uwezo wa kuona vitu kwa undani unakuwa mdogo hata mtu akivaa miwani. Ndiyo maana darasani anakaa mbele na anageuza kiti dirisha liwe mgongoni kwake. Nilimuuliza bafu jeupe lilikuwaje. Akasema, "Ticha, ni kama kuoga ndani ya balbu. Bomba silioni, nalisikia tu likivuja, napapasa mpaka nalipata."

Fikiria. Sinki jeupe, ukuta mweupe, bomba la plastiki jeupe, mlango mweupe. Kile kikuta kifupi kinachotenga sehemu ya kuogea nacho cheupe. Magoti yake yana alama mbili za kile kikuta. Mtu mzima, mwaka wa pili, mwenye GPA ya kunizidi mimi, anapapasa ukutani kutafuta bomba kwa sababu kamati fulani iliona nyeupe inapendeza.

Sisi tunaosomea ualimu tumefundishwa kwenye somo la elimu maalumu kwamba mtoto mwenye uoni hafifu husaidiwa kwanza na tofauti ya rangi kati ya kitu na kilicho nyuma yake, halafu ndiyo mengine. Chaki nyeupe kwenye ubao mweusi, kikombe chekundu kwenye meza nyeupe. Tukaandika, tukajibu mtihani, tukapata alama zetu. Tukirudi hosteli tunaweka tiki kwenye NYEUPE. Hapo ndipo ninapokasirika, maana wanaosoma somo hilo bloku hii ni zaidi ya nusu. Nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, inataka majengo ya umma yafikike na kutumika na watu wote. Tunaizungumzia kama vile inahusu njia ya kiti cha magurudumu tu. Rangi nayo ni njia.

Sasa mtaniambia, haya basi, damu ya mzee. Ndugu zangu wa tiki 19, ninyi nawaheshimu kwa sababu mmekataa nyeupe, lakini hoja yenu ni mbovu kuliko yao. Nimemsikia mmoja koridoni akisema bila aibu, "damu ya mzee inaficha uchafu." Mwenzangu, uchafu uliofichwa umeenda wapi? Uko palepale, unakusubiri na taulo lako.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Uchafu wa bafu hauna rangi moja. Upo mweusi: kuvu kwenye pembe za dari, nywele, matope ya kandambili. Upo mweupe: povu la sabuni lililokauka, na ile chumvi ya maji ya kisima ambayo kila anayeoga Dar es Salaam anaijua, inaacha michirizi kama mtu kamwaga uji wa sembe ukutani. Kwenye ukuta mweupe unaona kuvu yote ila sabuni na chumvi huzioni, zinajengeka safu juu ya safu. Kwenye damu ya mzee ni kinyume chake, michirizi ya chumvi inaonekana tangu mlangoni, kuvu inatulia gizani inazaliana mpaka unaisikia kwa pua kabla ya kuiona. Hilo la pili ndilo tulilonalo sasa hivi bafuni kwetu, tangu kwenye kiuno mpaka sakafuni. Atakayebisha apite pembe ya mwisho kulia na tochi.

Rangi ya kati inakuonyesha vyote viwili. Havikuchomi macho kama doa kwenye kanzu, ila unaviona, na ukiviona mapema unavitoa kwa kitambaa na sabuni. Mimi hii ndiyo naiita usafi.

Na kuna mtu hatujamuuliza. Mama wa usafi. Pale bloku ya jirani amepewa maneno mara ngapi kwa sababu ukuta mweupe "haung'ai"? Akaanza kusugua kwa steliwaya. Steliwaya inakwangua ule mng'ao wa rangi ya mafuta, ukishatoka ukuta unakuwa na mikwaruzo midogo midogo, uchafu unaingia humo na kukaa, anasugua zaidi, anakwangua zaidi. Nilipomsalimia juzi aliniambia, "Mwanangu, weupe huu utanimaliza mikono." Tunapiga kura sisi, anasugua yeye.

Haya, rangi ya kati ndo rangi gani. Ndugu uliyeandika pembeni, kaa hapa.

Rangi ina mambo matatu, siyo moja. La kwanza ni jina lake: bluu, kijani, nyekundu. La pili ni ung'avu au ukozo wake, iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. La tatu ni ukali, ni kijani kinachopiga kelele kama jezi au kijani kilichopoa kama jani lililokauka. Aliyelipanga jambo hili vizuri alikuwa mwalimu, siyo fundi: Albert Munsell, Mmarekani aliyefundisha Boston kwenye chuo kilichoandaa walimu wa kuchora. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliweka ngazi ya ung'avu kutoka 0, nyeusi kabisa, mpaka 10, nyeupe kabisa. Walimu tunapenda kuweka vitu kwenye ngazi, si mnajua.

Kwa hiyo ninaposema ya kati nasema kati kwenye ngazi hiyo ya pili, na iliyopoa kwenye ile ya tatu. Simaanishi kuchanganya nyeupe na damu ya mzee mkapata pinki ya pipi. Kwi kwi kwi, nawajua ninyi.

Kuna mtego hapa lakini. Macho yetu hayahesabu sawasawa. Ile inayoonekana katikati kabisa, namba 5 ya Munsell, inarudisha kama asilimia 20 tu ya mwanga. Ukiipaka kwenye bafu lenye dirisha dogo utaoga gizani. Kwa hiyo ya kati yetu inatakiwa iwe juu kidogo ya katikati. Kadi za kampuni nyingi za rangi huwa zina namba ya mwanga unaorudishwa, kipimo cha 0 mpaka 100. Nyeupe nzuri inafika kama 85, damu ya mzee iko chini sana. Sisi tutafute ya 40 mpaka 50. Waingereza kwenye viwango vyao vya majengo yanayotumika na watu wenye ulemavu wanataka vitu viwili vilivyo jirani, mfano ukuta na sinki, vitofautiane kwa pointi 30 kwenye kipimo hichohicho. Piga hesabu: sinki 85, ukuta 45, tofauti 40. Sinki linaonekana. Bomba linaonekana. Kikuta kinaonekana ukikipaka mgongo wake rangi nyingine. Ukuta mweupe na sinki jeupe tofauti ni sifuri au jirani na sifuri.

Msiniamini mimi. Chukua simu, piga picha bafu lolote, halafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama sinki limeyeyuka ukutani, basi na kwa mtu mwenye uoni hafifu limeyeyuka. Nilifanya hivyo na picha yangu ya Jumapili nikamwonyesha kiongozi wetu wa bloku. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tatizo ni kamera yangu. Loh! Tupige basi kwa simu yake, ni nzuri kuliko yangu.

Rangi ipi hasa? Mimi napendekeza kijani cha mchaichai uliokauka, kile chenye ujivujivu. Siyo kijani kibichi. Kijani kibichi kwenye chumba kidogo kinatupa mwanga wake usoni kwako, unajitazama kwenye kioo asubuhi unajiona una malaria kumbe huna. Njano kali ni vilevile. Bluu-kijivu ya bahari siku ya mawingu nayo inafaa ingawa chini ya zile taa za kelvini 6500 inazidi ubaridi, na sisi tutapewa taa hizohizo bila kuulizwa. Rangi ya mchanga uliolowa inafaa sana, na kwenye kioo inatupendeza sisi weusi, sura inatoka vizuri haizami. Kati ya mchaichai na mchanga sitagombana na mtu.

Na wa damu ya mzee msikasirike, nimewawekea kipande chenu. Mkanda wa sentimita 10 chini kabisa ukutani, pamoja na miimo ya milango na mgongo wa kile kikuta, vipakwe damu ya mzee. Matope ya kandambili yanarukia hapohapo, na mtu anayeona kwa shida anajua sakafu inaishia wapi na mlango uko wapi. Dari ibaki nyeupe, ile isiyong'aa, itusaidie mwanga. Kwa hiyo hata wa nyeupe mmepata.

Kuna mdau kutoka Visiwani alinipinga jana chakula cha usiku, na hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zote nilizosikia. Akasema mabibi zetu wa Unguja na Lamu walioga kwenye vyumba vya chokaa nyeupe miaka mamia na hawakuwa na shida. Ni kweli. Lakini dada yangu, chokaa haing'ai. Inanywa mwanga na kuutoa taratibu, inapumua, unyevu unatoka, na kila ikichakaa inapigwa upya. Na mwanga wa nyumba zile unaingia kutoka uani, ni mwanga wa jua uliokwishagonga kuta mbili tatu. Sisi tuna saruji, rangi ya mafuta na balbu. Ukiniletea chokaa na uwanja wa ndani naweka tiki kwenye nyeupe leoleo.

Sasa hoja ya gharama, maana najua kamati itajificha hapo. Nimepima kwa kamba. Bafu letu mzunguko wake ni mita 20, kimo mita 2.8, hiyo ni mita za mraba 56. Toa milango na madirisha, bakiza 50. Ukipaka mara mbili ni mita za mraba 100. Lita moja ya rangi hupaka kama mita za mraba 10 kwenye ukuta uliosawazishwa vizuri. Lita 10, basi. Ndoo moja ya lita 20 inatosha mabafu mawili. Sasa mwambie fundi afunike damu ya mzee kwa nyeupe halafu umuulize atapaka mara ngapi. Jiandae kwa mara tatu, na bado wekundu utachungulia. Rangi ya kati inafunika haraka zaidi. Kwa hiyo gharama inaweza kuwa ndogo upande wangu.

"Nyeupe inapatikana kila duka, hiyo yako mpaka mashine ya kuchanganya." Kweli. Kariakoo ni nusu saa kwa daladala kama foleni ni nzuri. Ichanganywe yote siku moja, ndoo zote, maana mchanganyiko wa leo na wa mwezi ujao haufanani hata namba iwe ileile. Namba iandikwe kwenye daftari la bloku ili wa mwakani wakitaka kuziba kovu wajue. Na kopo lisomwe kabla ya kulipa: liwe halina risasi. WHO na UNEP wanashauri risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na rangi zilizokuwa na shida hiyo zaidi ni zile kali za mafuta, njano, nyekundu na kijani kibichi. Sababu nyingine ya kupenda zilizopoa.

Msiniambie pia kwamba rangi itaondoa kuvu. Hakuna rangi duniani inayoondoa kuvu kama dirisha halifunguki. Fundi akwangue kwanza, aoshe kwa maji yenye dawa ya klorini, asubiri pakauke kweli, siyo pakauke kwa macho. Damu ya mzee iliyopo ni ya mafuta, kwa hiyo apige msasa na rangi ya kutangulia ndiyo aje na ya maji, ile inayooshwa, yenye mng'ao kidogo tu kama ganda la yai. Akiirukia juu kwa juu itabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua na mtasema ni kosa la rangi ya kati. Na yale madirisha mawili yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe, hilo naliandika kwa herufi kubwa kwenye barua kwa uongozi.

Kitu cha mwisho. Usichague kwa kile kikadi cha dukani cha ukubwa wa stempu. Rangi ikienda kwenye kuta nne inazidi kukoza kwa sababu kuta zinarudishiana, na dukani taa ni nyingine. Ndiyo maana nimeshaomba kopo mbili za robo lita kwa fundi mmoja wa mtaani, mchaichai moja na mchanga moja, nimetoa hela yangu ya chai wiki hii (mnidai urafiki). Kesho jioni napaka vipande viwili bafuni kwetu, mita moja kwa mita moja, kimoja nyuma ya sinki na kingine pembe ya giza. Viangalieni asubuhi, viangalieni usiku taa ikiwaka, mwiteni na mama wa usafi aviangalie, halafu mwenzangu wa chumba asimame mlangoni bila miwani atuambie bomba liko wapi. Kamati ikitaka kunishtaki kwa kuchafua ukuta, karibuni, ukuta wenyewe mmeuona ulivyo.

Karatasi bado iko mlangoni mpaka Ijumaa saa kumi jioni, kile kisanduku changu cha kalamu mtu alikifuta nikakichora tena. Brashi ninayo, msasa ninao. Ninachotafuta ni mtu mrefu wa kunishikia kiti, maana ile pembe ya giza siifikii.